Kuku Mgeni Hakosi Kamba

Sisi tukaao visiwani twapenda kujisifu ya kuwa maji ndiyo boma letu. Hapa Mfangano, katika Ziwa Viktoria, nami nalidhani hivyo, mpaka siku nilipolivunja boma hilo kwa mikono yangu mwenyewe.

Nalikuwa nikirudi nyumbani kwa likizo, nikanunua jogoo na tetea sokoni Mbita, ng'ambo ya pili. Walikuwa wanene, wenye manyoya mazuri. Nikawatia katika tenga, tukavuka kwa mashua, na jioni ile ile nikawafungua uani wachangamane na wenzao. Siku ya tano yule tetea akaanza kuhema mdomo wazi, akaharisha kijani, shingo ikampinda. Kabla ya juma la pili kwisha, banda langu lilikuwa tupu.

Hasara yangu ningaliivumilia, kwa maana nina mshahara. Lakini kuku wetu hawajui mipaka. Asubuhi huchakura kwangu, adhuhuri kwa jirani. Jirani yangu ni mjane mzee, naye alikuwa na kuku 11, ndio waliompatia sabuni, chumvi na daftari za wajukuu. Wote walikufa. Alinijia akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, je, hukujua?" Sikuwa na jibu.

Ugonjwa huo ni kideri. Hauna dawa ya kuuponya, bali upo na chanjo ya kuuzuia: tone moja jichoni, kwa kuku mkubwa na kwa kifaranga, tena hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Sharti chanjo itunzwe penye baridi, wala asichanjwe kuku aliyekwisha ugua. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko alio nao mtu mmoja, na ikishachanganywa haidumu. Kwa hiyo mtu akiwa peke yake huiona ghali, akaiacha. Lakini nyumba kumi zikichanga fedha na kuchanja siku moja, kila mtu hulipa kidogo, na ugonjwa hukosa mlango.

Ndivyo tufanyavyo sasa. Mimi ndiye niendaye kuileta chupa, na kuku wa mjane yule, wakiwemo watatu niliomrudishia, ndio wachanjwao kwanza.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nasi tuishike methali hiyo kama ilivyo. Kuku aliyetoka ng'ambo afungwe mbali na wengine kwa majuma matatu, ale na kunywa katika vyombo vyake. Aliyekufa achomwe moto au afukiwe chini sana, asitupwe ziwani. Na aliye mgonjwa asikimbizwe sokoni kuuzwa, maana huko ndiko alikotoka yule wangu.

Maji hayawezi kuzuia kitu ambacho mwenye nyumba mwenyewe amekipakia mashuani.