Deni yetu, kaye yetu: tusingojee siku ya bahati

Muchimbaji akishuka kutoka Rubaya na kufika hapa Murara, mara mingi mutu wa kwanza kumusalimia si mutoto wake. Ni mutu mwenye anamudai. Habari ya paye inafika mbele yake. Mwenye butike ya kwenye kona anajua, mwenye kukopesha anajua, mwenye nyumba anajua. Kufikia usiku makuta yote imegawanyika kwa wenye sauti kubwa, na bibi anabaki kuuliza: « Baba, na sisi tutakula nini? » Nyuma ya siku tatu, baba anakopa makuta ya safari ya kurudi kwenye shimo. Njo vile mwaka unaisha na mwingine unaanza.

Hii habari hatukuisoma mahali. Sisi wenyewe wa sindika tuliipitia. Kuna kati yetu mwenye aliacha simu na karatasi ya kiwanja kwa mukopeshaji kwa sababu ya dolari 50, na akalipa mara tatu yake mbele ya kuzirudishiwa. Kuna mwenye alikuwa anapita njia ya nyuma ili asionekane mbele ya butike. Tuliwaficha bibi zetu, na pale njo tulikosea zaidi. Leo tunaandika juu ya deni kwa sababu ni habari ya kazi, sawa vile mushahara na usalama wa shimo ni habari ya kazi.

Tuseme wazi: si kila deni inatoka kwenye pombe, hata kama kuna yenye inatoka kule na hatutaificha. Shimo inakula mbele ya kuzaa. Wiki mingi tunachimba bila kuona mali, lakini sherti tukule, tununue miti ya kushikilia shimo, toshi, majiwe ya toshi na beche. Makuta ile inatoka kwa PDG ao kwa négociant, na siku mali inatoka, bei inawekwa na mwenye alitoa makuta. Hapo muchimbaji hauzishi tena, anarudisha tu.

Kuna tena nyakati zenye kazi inasimama na si sisi tuliisimamisha. Wazee wetu wa kazi wanakumbuka mwezi wa 9 mwaka 2010, wakati Raisi Joseph Kabila alikataza kuchimba madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kazi ilifunguliwa tena mwezi wa 3 mwaka 2011. Miezi sita mizima! Deni yenye ilikuwa imekamatwa mbele ya pale haikusimama, ilikuwa inazaa. Na mwaka 2025 tuliona mengine: mwisho wa mwezi wa 1, vita iliingia hapa Goma na banki zilifunga milango. Mutu alikuwa na mushahara wake kwenye banki, lakini hakuweza kuugusa. Wengine walikuwa wanavuka mupaka kwenda Gisenyi kutafuta makuta yao wenyewe, wengine wakaitoa kwa simu na kukatwa kamisyo. Mwezi wa 3, mugodi wa Bisie kule Walikale nao ulisimamisha kazi sababu ya vita, mpaka mwezi wa 4.

Basi, wengi wetu deni yao ilizaliwa na mambo yenye hawakuchagua. Lakini hata deni yenye ilizaliwa na vita, inalipwa na mutu. Na kama mutu ule hana mupango wake, atafuata mupango wa mwenye kumudai.

Hapa njo sindika inaingia. Mutu mwenye deni hana nguvu ya kukataa. Mvua inanyesha, kilima iko inapasuka, miti ya shimo imeoza, wote wanaona. Mwenye hana deni anasema: leo siingie. Mwenye deni anaingia. Tunajua vilima vya Rubaya na namna udongo unateremuka wakati wa mvua. Tumelia watu wengi. Tunapiga kelele juu ya miti na kofia, na tutaendelea, lakini tukubali pia kwamba kuna wenye waliingia kwenye shimo mbaya kwa sababu mutu alikuwa anawangojea kwenye mulango wa nyumba.

Mupango mubaya wenye tunaujua wote ni huu: « Siku nitapiga mali, nitalipa yote mara moja. » Hii si mupango, ni kungojea bahati. Siku ile ikifika, madeni imekwisha kuwa mara mbili, na bahati yote inaenda kwa mwingine. Sisi wa Murara tuko na mufano mwingine mbele ya macho. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katika muji huu na kufunika nyumba. Nani alingojea makuta ya nyumba nzima njo aanze? Watu walivunja mawe, wakanunua mbao mbili wiki hii, bati moja wiki ile. Deni inalipwa vile vile.

Tufanye je? Kwanza, nunua kaye. Andika madeni yote, hata ile ya haya: jina ya mutu, kiasi, siku ulikopa, na riba yake kama iko nayo. Wengi wetu tunaogopa ile hesabu kuliko tunavyoogopa shimo. Lakini deni isiyoandikwa inakuwa kubwa usiku, na muchana unaisahau na kukopa tena.

Pili, kaa na bibi yako, ao na bwana yako kama ni weye mama njo unakopa, kwa maana wamama wanaotwanga na kuosha mawe nao wana madeni yao. Muonyeshane kaye. Mwenye anapika njo anajua nyumba inakula ngapi. Mupango wenye mama wa nyumba hajui unavunjika siku ya kwanza yenye unga inakosa.

Tatu, gawanya kila paye kwa sehemu, usigawanye kwa kiasi. Kazi yetu haina mushahara sawa kila mwezi. Ukiahidi dolari 50 kila mwezi, mwezi wenye shimo imekauka utakuwa muongo. Sisi tunapendekeza sehemu kumi: sita ya nyumba, tatu ya madeni, moja ya akiba. Ukipata 150, nyumba inakamata 90, madeni 45, akiba 15. Ukipata 40, nyumba 24, madeni 12, akiba 4. Ile sehemu moja ya akiba usiidharau. Njo itakusaidia siku mutoto anapata malaria, ili usirudi kukopa.

Ine, jua deni gani inakula. Tuchukue mufano wa baba mumoja, tusimupe jina kwa sababu anaweza kuwa weye. Ana deni ya dolari 100 kwa mutu wa banque Lambert, riba 30 kila mwezi. Ana 150 ya négociant, 45 ya butike, 60 ya shemeji. Zote ni 355. Kila mwezi anapeleka zile 30 kwa Lambert na anafikiri analipa. Halipi kitu. Kwa miezi kumi atakuwa ametoa dolari 300, na zile 100 bado zinamungojea kama siku ya kwanza.

Sasa afanye hivi. Katika paye ya 150, ile 45 yote ya madeni aipeleke kwa Lambert kwanza. Mwezi wa kwanza deni na riba ni 130, anatoa 45, inabaki 85. Mwezi wa pili 85 inakuwa 110 na nusu, anatoa 45, inabaki 65 na nusu. Mwezi wa tatu inabaki karibu 40. Mwezi wa ine inabaki kama 7. Mwezi wa tano anamaliza na dolari 9 ao 10, na makuta yenye inabaki inaanza kwenda kwa wengine. Négociant, butike na shemeji wanamalizika ndani ya miezi mingine mitano. Jumla ni miezi kumi. Katika ile miezi kumi yenye angelipa riba tu, ametoka kwa deni yote.

Na kama Lambert anakubali kusimamisha riba na kupokea pole pole, 355 inaisha kwa miezi munane. Inafaa kuuliza. Mukopeshaji wengi wanapenda kupata makuta yao kidogo kidogo kuliko kumufuata mutu mwenye anakimbia.

Tano, basi, usikimbie. Enda weye mwenyewe, mbele yake aje kwako. Wale wenye watangoja, uwaone mwezi ule ule wa kwanza. Useme: « Deni yako siikatae. Yote siwezi leo. Nitaanza kukuletea mwezi fulani, sehemu fulani ya paye yangu. » Muandike kwa karatasi mbili, musaini wote wawili, mbele ya shefu wa avenue ao mutu mwingine wa kuaminika. Kila siku unalipa, andika na asaini. Tumeona mutu akilipa deni moja mara mbili sababu hakukuwa karatasi. Na usiahidi kitu chenye kaye yako haikubali, hata kama anapiga kelele.

Sita, usikamate deni mpya ya kulipa deni ya zamani, isipokuwa ile mpya iko na riba ndogo kabisa na umeifanyia hesabu. Hapa muso na AVEC zinaweza kutusaidia. Ile namna ya kuweka akiba kwa kikundi, yenye sanduku na funguo tatu, ilianza na wamama wa Niger mwaka 1991, na leo wamama wetu wanaijua vizuri kuliko sisi wanaume. Mukopo wa kikundi, riba inarudi kwa wenye kikundi wenyewe wakati wa kugawana. Lakini kuna hatari: mutu anakopa kwenye muso tatu kwa mara moja, na anazungusha. Ile si akiba tena, ni Lambert yenye imevaa kitenge.

Kuna pia mambo ya haki yenye tunapaswa kujua. Deni ya makuta si wizi. Inchi yetu, mwaka 1976, iliingia katika Mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, na kipengele cha 11 kinasema mutu hawezi kufungwa kwa sababu tu hana uwezo wa kutimiza mapatano ya deni. Ukitiwa kashoti kwa sababu ya dolari 60, na kuombwa zingine za kutoka, ile si kulipisha deni, ni biashara juu ya shida yako. Tena sheria ya makosa ya inchi inaazibu mutu mwenye anatumia shida ao uzaifu wa mukopaji ili apate riba ya kupita kiasi. Hatusemi haya ili mutu aache kulipa. Tunasema haya ili alipe akiwa amesimama.

Kwa ma-PDG na ma-négociant, tunaomba mambo mawili tu. Makuta yenye munatoa mbele, iandikwe, na muchimbaji abaki na karatasi yake. Mali ikitoka, ipimwe mbele ya mwenye aliichimba, bei ijulikane, na yenye inakatwa kwa deni ijulikane. Mutu mwenye anaona deni yake inapunguka anafanya kazi vizuri. Mwenye haoni mwisho anakimbia na shimo inabaki bure. Hii ni faida yenu pia.

Na kwetu wenyewe, wandugu wa sindika, tusijifanye walimu. Kati yetu kuna wenye bado wanadaiwa leo. Tusicheke mwenzetu mwenye anakataa bia sababu paye yake iko na sehemu kumi. Siku ya paye njo siku nguvu sana; tutembee wawili wawili mpaka nyumbani, makuta igawanywe kwenye meza, mbele ya mama wa nyumba, kisha mutu atoke kama anataka kutoka. Mwenye hajui kuandika, mutoto wake wa shule atamuandikia, na si haya.

Mwezi wa kwanza utakuwa nguvu. Nyumba itakula sombe zaidi na nyama kidogo. Watoto watauliza. Waambie ukweli, wanaelewa kuliko tunavyofikiri. Siku utapitisha mustari juu ya jina ya kwanza katika kaye yako, utapita tena mbele ya ile butike kwa barabara kubwa, muchana. Na siku mvua inanyesha na shimo haiko muzuri, utaweza kusema: leo siingie.