Hedifoni za Gemu: Vijana Wananunua Taa, Hawanunui Sauti

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia kwa furaha tele, mkononi ameshika boksi kubwa lenye picha ya askari aliyevaa kofia ya chuma. Ndani ya boksi hilo mlikuwa na hedifoni za kuchezea gemu pamoja na maikrofoni yake, nazo zilipochomekwa kwenye kompyuta zikawaka taa nyekundu, kijani na buluu kama matatu ya usiku. Alikuwa amezinunua katika duka moja huko Luthuli Avenue, Nairobi, kwa shilingi elfu sita ambazo alikuwa akiziweka akiba tangu Januari. Hata wiki mbili hazikupita kabla ya wenzake wanaocheza naye PUBG kumwomba anyamaze au atoke kikosini. Sauti yake, walisema, ilikuwa kama ya mtu aliyetumbukia ndani ya pipa.

Sikucheka. Elfu sita si pesa kidogo kwa kijana asiye na kazi. Na kwa kweli kosa hili si lake peke yake. Ni maoni yangu kwamba vijana wetu wengi wanapoteza pesa katika jambo hili kwa sababu wanachagua kwa macho kitu ambacho ni cha masikio.

Hebu tuanze na maikrofoni, ingawa wanunuzi wengi huifikiria mwisho. Hedifoni ni zako wewe. Maikrofoni ni ya wenzako. Wewe huisikii hata kidogo, na ndiyo sababu muuzaji anaweza kukuuzia mbovu nawe ukaenda zako ukiimba. Katika michezo ya vikosi, mtu asiyesikika vizuri ni mzigo, hata awe hodari wa kulenga namna gani. Kwa hiyo usilipe kabla hujarekodi sauti yako pale pale dukani na kuisikiliza. Muuzaji akikataa, shukuru, uende kwa jirani yake.

Tena tukumbuke nyumba tunamoishi. Wale Wazungu tunaowaona kwenye video wakizungumza kama watangazaji wa redio hukaa katika vyumba vyenye zulia na mapazia mazito. Sisi tuna mabati, televisheni ya sebuleni, jogoo wa jirani na makanga wanaoita abiria barabarani. Maikrofoni ya kondensa, ambayo husifiwa sana, huyanasa yote hayo kwa uaminifu mkubwa. Ya dainamiki ni nzito zaidi wa kusikia. Inataka uikaribie, lakini mambo mengi ya mbali huyaacha huko huko mbali. Kwa nyumba zetu nyingi mimi ningechagua hiyo. Iweke pembeni kidogo mwa mdomo, si mbele yake, ili pumzi zisiipige na kuwavumia wenzako.

Sasa kuhusu hedifoni zenyewe. Juu ya maboksi mengi huandikwa namba 7.1, kumaanisha kwamba sauti itakuzunguka kutoka pande zote. Binadamu ana masikio mawili tu! Sauti inayotoka kulia hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena hulifikia kwa nguvu zaidi. Tofauti hizo ndizo ubongo unazotumia kujua adui anatokea wapi, na mwanasayansi Mwingereza, Lord Rayleigh, aliyaeleza haya mwaka 1907. Programu inaweza kuzipiga hesabu hizo na kuzipitisha katika hedifoni za kawaida. Kompyuta za Windows zina programu yake ya bure, na PlayStation 5 hufanya kazi hiyo kwa hedifoni za waya za kawaida zikichomekwa kwenye padi. Namba ya boksini basi isikupandishie bei.

Na yule anayecheza mpira tu? Huyo hana nyayo za adui za kusikiliza. Kelele za mashabiki wa kompyuta hazitamfungia bao, basi atumie alizo nazo.

Ushauri wangu ni huu: chukua hedifoni nzuri za kusikilizia muziki, za waya, kisha ununue maikrofoni mbali. Zikiharibika za upande mmoja, huna haja ya kutupa vyote. Angalia namba ya omu. Zenye 32 au karibu na hapo zitatosheka na simu au padi, lakini za 250 zitakunong'oneza tu mpaka uzitafutie amplifaya. Zilizofungwa nyuma huzuia kelele za nje, lakini Mombasa mwezi wa Februari masikio yatatoka jasho. Zenye vitambaa ni afadhali kuliko zile za ngozi bandia, ambayo huanza kubanduka mapema. Zilizo wazi hupitisha hewa, ila hazifai kama mnalala watatu chumba kimoja.

Plagi pia ina mambo yake. Ile ya simu na padi ina mistari mitatu na hubeba sauti pamoja na maikrofoni. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la kijani na la waridi, na hapo utahitaji waya wa kugawanya, ambao ni wa bei nafuu. Bluetooth siipendekezi kwa gemu. Sauti huchelewa, na mara nyingi maikrofoni yake ikiwashwa, sauti unayosikia hufifia na kuwa kama ya simu ya zamani. PlayStation 5 yenyewe haizipokei hedifoni za Bluetooth za kawaida moja kwa moja.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi miaka minne kwenye kinu cha kusaga mahindi, bila ya kuziba masikio. Mpaka leo sikio langu la kushoto hulia kama nyenje, usiku na mchana, na hakuna dawa iliyolinyamazisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto 75. Ukipanda hadi 90, saa zako zinabaki nne tu kwa wiki nzima. Vijana wanaongeza sauti ili waisikie milio midogo, huku bunduki na mabomu yakilipuka ndani ya masikio yao kwa kiwango hicho hicho. Hedifoni inayozuia kelele za nje ina faida hii, kwamba huna haja ya kupandisha sauti ili kushindana na televisheni.

Duka lilikataa kuzirudisha zile za mpwa wangu. Hatukuzitupa, maana kwa kusikilizia hazikuwa mbaya. Tuliikunja ile maikrofoni yake juu, tukazima taa, tukanunua ya dainamiki ya kusimama mezani kwa pesa kidogo kuliko zile alizolipa mwanzo. Jumamosi iliyopita alicheza mpaka saa nne usiku, na hakuna aliyemwambia anyamaze ila mama yake.