Mikataba Isomwe Hadharani

Twaambiwa tunyamaze, eti wawekezaji wataogopa. Kampuni ya Imperial British East Africa ilifika Mombasa mwaka 1888, wakati hapakuwa na chama hata kimoja cha kuiogofya. 1895 ikaiachia Serikali ya Uingereza nchi, maana fedha ziliiishia. Kule Changamwe, ng'ambo ya Makupa, Essar ya India ilinunua nusu ya kiwanda cha kusafisha mafuta mwaka 2009. Ikapiga hesabu upya, ikaona hapana faida; 2013 mitambo ikazimwa. Mwekezaji huingia kwa hatua na mlango wa kutokea ameukagua mapema. Mlango huo umeandikwa mkatabani, nasi hatuonyeshwi! Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kupata habari zilizoko Serikalini. Twadai kila mkataba wa bandari usomwe Bungeni kabla ya kutiwa sahihi.