MASTAA WANAPOZI NA VITABU, ILA HUYU MHAKIKI NDIO ANATUSOMESHA

Leo tuwaache mastaa wetu wanaopigia picha kitabu kilekile cha namna ya kuwa tajiri (mnajijua). Nammwagia sifa mhakiki mmoja wa mtandaoni, jina kapuni, asiye na hata tiki ya bluu.

Tuseme ukweli, wengi wetu tulimaliza sekondari na vitabu vya mtihani tu. Ukitaja fasihi, mtu anakumbuka "fafanua dhamira" na kichwa kinamuuma. Huyu jamaa anakwambia kitabu kinakushika wapi na kinakuchosha wapi, basi. Kupitia yeye ndio nikamjua Bwana Msa.

Yaani tangu 1960 tuna mpelelezi wetu wa Kizanzibari, kiko mdomoni, anayetumia akili kuliko bastola, halafu sisi tunagombania tamthilia za Kikorea! Kitabu ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Bwana Ali, mtu mwenye mali zake, anakutwa amekufa pale kwenye mzimu. Sasa aliyeua ni mzimu au mtu? Msa hababaishwi na habari za mashetani, anachimba siri za watu mpaka kieleweke. Mhakiki alisema wazi kwamba Msa ana damu ya Sherlock Holmes, na kwamba Kiswahili chake cha Unguja kitakupunguza mwendo. Kweli kilinipunguza. Ila ukishazoea, huachi.

Pale kwenye Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, sikubaliani naye. Anadai ni ya kusisimua tu, haina uzito. Kwani kusisimua ni kazi ndogo? Mtu anayeshindwa kumaliza kurasa kumi za kitabu chochote, mpe hiki kwanza. Hayo mengine atayakuta mbele ya safari.

Kinachoniuma ni kwamba ukiingia duka la vitabu unakuta vya mtaala vimejaa, hawa wakongwe unawafukuzia kwa wauza mitumba. Muuzaji naye ana haki yake, hawezi kuweka asichoulizwa. Sasa kama sisi hatuulizi, nani aulize? Mhakiki mmoja mwenye bando lake anafanya kazi ambayo mastaa wenye mamilioni ya wafuasi wangeimaliza kwa posti moja.

Mi kwa sasa natafuta Kisima cha Giningi cha huyohuyo Abdulla. Ukiwa nacho usinitumie picha, niazime.