*TUANZE NA DAFTARI LETU*

Ndugu wanachama,

Wiki hii kundi limejaa kauli za uwajibikaji. Wengi mmetaka tuiandikie ofisi ya mtaa barua, isome mapato na matumizi. Dai hilo ni halali na tunaliunga mkono. Tuna neno moja kabla barua haijapigwa muhuri.

Mkutano uliopita, ajenda ya uwajibikaji wa viongozi ilichukua zaidi ya saa nzima, kwa makofi. Ilipofika zamu ya hesabu za tawi, viti vikabaki vitupu na akidi ikavunjika. Kwenye daftari la ada nako, majina yenye stakabadhi ni machache kuliko majina ya kundi hili. Kwenye kitabu cha fedha taslimu ahadi haiandikwi, huandikwa kilichopokelewa. Imani ya kisiasa nayo tuipime hivyo.

Tukumbuke Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, na wengi hukumbuka hilo tu. Lakini papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967, Azimio la Arusha likawakataza viongozi mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Mtu anaweza kuipinga siasa ile kwa hoja nzito. Ni vigumu kusema kwamba aliyeihubiri aliwaachia wengine gharama.

Tunajua wapo wasiolipa ada kwa sababu mfuko umekauka. Hao hatuwalaumu. Anayefagia ofisi, au anayebaki mpaka hesabu zisomwe, naye ametoa mchango wake. Tunasema na wenye uwezo wanaochangia maneno pekee.

*Pendekezo letu:* Jumamosi saa 9:00 alasiri, ajenda ya kwanza iwe hesabu zetu. Mweka hazina asome kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, aulizwe maswali, na nakala ibandikwe mlangoni mwa ofisi. Barua tuisaini baada ya hapo, asije mtu akatuambia nyani haoni kundule. Wakituuliza, "Na ninyi je?", tuwaonyeshe mlango wetu.

Njooni na kadi, na mkae mpaka mwisho.

*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji