Mto Mara Nao Upewe Kadi ya Kliniki: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria

Mkurugenzi wa Bonde,
Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria,
Mwanza.

YAH: KUBANDIKWA HADHARANI KWA VIPIMO VYA MAJI YA MTO MARA



Ndugu Mkurugenzi, ninakuandikia kutoka Kenyamonta, Wilaya ya Serengeti. Upande wetu wa Mto Mara ni Serengeti, ng'ambo ni Tarime. Barua hii ningeweza kuipitisha njia ya kawaida: nimpe mtendaji wa kijiji, naye ampe wa kata, ipande hadi wilayani Mugumu, ilale hapo, iende mkoani Musoma, ilale tena. Kwa mwendo huo maji yanayopita kwetu leo yangetangulia kufika Misri, maana Mara huingia Ziwa Victoria, ziwa hutokea Jinja na kuwa Mto Naili, na Naili humwaga baharini. Ndiyo sababu nimeiacha barua wazi, aisome kila mwenye macho.

Nianze na Machi 2022. Mwezi ule maji ya Mara kule chini, kuelekea Daraja la Kirumi, yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea matumbo juu. Wananchi wakakatazwa kuyatumia. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Selemani Jafo, akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, na siku chache baadaye jibu likatoka: si sumu ya mgodi wa North Mara, ni kinyesi na mikojo ya ng'ombe wanaolishwa kwenye ardhioevu, pamoja na majani yaliyooza. Mvua imevisomba vyote kwa mpigo, na kuoza kwake kumemaliza oksijeni ndani ya maji.

Unakumbuka nchi ilivyocheka. Huku kwetu walicheka zaidi, kwa sababu huku ng'ombe si habari mpya. Watu waliuliza ng'ombe hao wameanza kunya mwaka gani, na kama babu zetu walikuwa wakifuga mbuni.

Mimi pia nilicheka. Baadaye nikaja kusoma habari iliyonifanya ninyamaze. Upande wa Kenya, mto huuhuu unapopita Masai Mara, watafiti wa kigeni waliweka vifaa vya kupima ndani ya maji wakaviacha humo kwa misimu kadhaa. Waliwahesabu viboko zaidi ya 4,000 kwenye eneo lao, wakakadiria kwamba kwa siku moja wanyama hao huingiza mtoni tani 36 hivi za kinyesi. Wakati wa kiangazi kinyesi hicho hutuama kwenye madimbwi, oksijeni ya chini inaisha kabisa, kisha mvua kubwa ikinyesha juu mto unayafagia madimbwi yote na samaki wa chini wanakufa kwa kukosa pumzi. Utafiti huo ulichapishwa 2018, na sikusikia mtu aliyeucheka.

Kwa hiyo kinyesi kinaweza kuua samaki. Tena hakihitaji sumu yoyote kukisaidia. Sasa niambie, kwa nini cha kiboko kiliaminika na cha ng'ombe kikawa kichekesho cha taifa zima?

Jibu langu ni hili. Wale wa viboko walikuwa na vipimo vya kabla, vya wakati wenyewe na vya baada. Wangeweza kukuonyesha mstari unavyoshuka, siku kwa siku, hadi samaki wa kwanza alipoelea. Sisi wa huku tuliletewa jibu bila kuonyeshwa mstari. Maji yalikuwaje Januari? Februari yalikuwaje hapa kwetu, pale Mto Tigithe unapoingia Mara, na kule Kirumi? Kama vipimo hivyo vilikuwepo ofisini kwenu, havikutufikia. Mtu akiletewa hukumu bila ushahidi, hata hukumu ya haki ataiona ya kupangwa.

Na sisi tuna sababu za kushuku, Ndugu Mkurugenzi, si ukorofi wa Kikurya kama baadhi ya watu wa mjini wanavyopenda kusema. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalitoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe. Wakazi walisema watu na mifugo walidhurika, kampuni iliyoumiliki mgodi wakati huo ikakana, na mabishano hayo yapo hadi leo kwenye vijiwe vya Nyamongo, uliko mgodi huo, kana kwamba ni ya jana. Mei 2019 baraza la mazingira, NEMC, likautoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji kwenye bwawa la topesumu. Mmiliki amebadilika tangu hapo, lakini kumbukumbu ya watu haibadiliki kwa kubadilisha kibao cha getini.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wako wanalijua kuliko mimi. Ushahidi wa maji haungoji msafara. Sianidi inayotumika kutenganishia dhahabu huvunjika na kuruka hewani ikipigwa na jua kali, na mto wenyewe unatembea. Aliyefika siku ya tatu na chupa zake anapima maji mengine kabisa. Zebaki ina tabia nyingine: huzama kwenye tope la chini, huingia kwa wadudu, kwa samaki wadogo, kisha kwa sangara, na kwa mlaji wa sangara. Hiyo huwezi kuiona kwa kuchota ndoo moja ya maji ya juu. Lazima upime tope na upime minofu ya samaki, na urudie mwaka hadi mwaka.

Sitaki ionekane kwamba nauandama mgodi mkubwa peke yake. Mgodi mkubwa angalau una geti, na mkaguzi anajua pa kugonga. Nenda kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, pande zote mbili za mto, uone wanavyokamatisha dhahabu kwa zebaki mikono mitupu, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, yamerundikwa juu ya mtelemko yakingoja mvua. Nenda kwenye majosho, uulize maji yaliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe humwagwa wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huku kwetu kuna mahindi yanayokunywa maji ya mto kwa mizizi yake yenyewe. Bodaboda zinaoshwa mtoni, oili ikitengeneza rangi za upinde wa mvua juu ya maji, na hatua chache chini yake mama anachota ya kupikia ugali. Huyo mwosha bodaboda ni kijana wetu. Nimewahi kumsema, akaniuliza: "Mzee, una uhakika gani kwamba ni mimi?" Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa sikuwa na kipimo.

Mama akijifungua, mtoto hupewa kadi ya kliniki. Kila mwezi anapelekwa, anapimwa uzito, nukta inawekwa, nukta zinaungwa. Mstari ukianza kushuka nesi anauliza kabla mtoto hajalegea: anakula nini, anaharisha, ananyonya? Hakuna anayeunda kamati baada ya mazishi. Mto Mara una kilomita karibu 400 kutoka Milima ya Mau hadi ziwani, unanywesha watu, ng'ombe, nyumbu wa mbuga mbili zinazojulikana dunia nzima, na kadi yake sisi kandokando hatujawahi kuiona.

Si kwamba hatuna desturi ya kupima. Pale Mara Mine kuna kituo kinachopima kina na wingi wa maji, na kumbukumbu zake ni za miaka mingi. Tunajua mto umejaa kiasi gani. Ninachoomba ni kujua umejaa nini.

Nimejaribu kuwa na kiasi katika kuomba. Sikuombi maabara Kenyamonta. Naomba mahali pachache pa kudumu pa kupimia, pasipohamishwa kufuata wageni: pale mto unapotoka Hifadhi ya Serengeti, pale Tigithe inapoungana na Mara, hapa kwetu, na Kirumi kabla ya ardhioevu kumwaga ziwani. Kila wiki pimeni vile ambavyo kifaa cha mkononi kinaweza kuvisoma papo hapo: oksijeni, asidi, tope, chumvichumvi, joto. Kwa joto la maji ya kwetu, mto wenye afya huwa na oksijeni miligramu 7 hivi kwa lita. Ikishuka chini ya 2, samaki wengi wako taabuni. Hizo namba mbili mtoto wa darasa la sita anazielewa. Yale ya maabara, yaani zebaki, aseniki, risasi, vimelea vya choo, yafanyeni kila robo mwaka, tope na samaki vikiwemo.

Kisha mbandike. Hapa ndipo moyo wa barua ulipo. Namba zikilala kwenye kabati Mwanza ni sawa na hazikupimwa. Zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, jirani na matangazo ya chanjo na mapato na matumizi, kwa Kiswahili, zikiwa na tarehe na saa. Zikiwa mbaya zibandikwe, zikiwa nzuri zibandikwe vilevile, maana namba nzuri za wiki hamsini ndizo zitakazofanya mbaya ya wiki moja iaminike. Mgodi nao utafaidika: siku usipokuwa na kosa, ubao utausemea.

Najua neno litakalojibiwa. Taharuki. Kwamba wananchi wakiona namba watataharuki. Ndugu Mkurugenzi, taharuki tuliyoiona Machi 2022 ilitoka kwenye namba gani? Ilitoka kwenye ukimya. Watu walijaza pengo kwa wanachokijua, na wengine kwa wanachokiogopa.

Kazi ya kuchota na kusoma kifaa inaweza kufanywa na jumuiya za watumia maji ambazo ofisi yenu ndiyo inayozisimamia. Walimu wa sayansi wa sekondari zetu wapo, wanafundisha habari za oksijeni kwa kuchora ubaoni ilhali mto uko chini ya kilima. Na kwa kuwa Mara unaanzia Kenya, ambako ndiko sehemu kubwa ya bonde iliko, wenzetu wa Bomet na Narok wabandike zao na sisi tuzione. Kila tarehe 15 Septemba tunaadhimisha Siku ya Mara pamoja nao. Hotuba tumezisikia, miti imepandwa, fulana tumevaa hadi zimepauka. Mwaka huu leteni jedwali.

Nitasema na la samaki aitwaye ningu. Wazee watakuambia kwamba zamani mvua zikianza, ningu walipanda mto kutoka ziwani kuja kutaga, wengi kiasi kwamba watoto waliwakamata kwa vikapu. Wamepungua sana. Baadhi ya lawama ni za nyavu kule midomoni mwa mito, baadhi ni za sangara aliyepandikizwa ziwani. Je, na maji yenyewe yana sehemu yake? Hilo hakuna awezaye kulijibu leo, kwa kuwa maji ya miaka ile yalipita bila kuandikwa.

Masika yanaanza Machi. Naomba kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla hayajaanza, mto ukiwa bado mdogo na madimbwi yametulia. Ubao wa matangazo upo. Misumari nitanunua mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kenyamonta,
Serengeti, Mara.