Fahali Wawili, Zizi Moja: Nani Alilipima Zizi?

Ipo methali inayotamkwa kila panapotakiwa mtu aondolewe: fahali wawili hawakai zizi moja. Huisikii tu katika benchi la timu ya mpira. Utaisikia katika baraza la madiwani, katika ofisi ya walimu na katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Ikishatamkwa, mjadala huwa umekwisha. Kinachobaki ni kuchagua fahali wa kumtoa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba methali hiyo, kwa namna tunavyoitumia Karagwe na Kyerwa, imegeuka kichaka cha viongozi wasiotaka kuulizwa swali linalotangulia yote: nani alilipima zizi?

Nitaanzia mbali, katika mpira wa kikapu, kwa sababu michezo ina fadhila moja ambayo utumishi wa umma hauna. Matokeo ya uamuzi huandikwa ubaoni, na kila mwenye macho huyasoma.

Juni 2012, timu ya Oklahoma City Thunder ilicheza fainali ya ligi ya NBA ya Marekani, ikashindwa na Miami Heat michezo minne kwa mmoja. Hakukuwa na aibu yoyote. Nguzo zake nne, Kevin Durant, Russell Westbrook, James Harden na Serge Ibaka, hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza miaka 24. Durant na Westbrook walikwisha kupata mikataba mirefu. Mizani ikabaki na wawili: Harden, aliyekuwa ametoka kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa ligi nzima, na Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, aliyeongoza ligi hiyo msimu ule kwa kuzuia mipira. Agosti, Ibaka alisaini mkataba wa miaka minne ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 48 hivi. Oktoba 27, Harden akapelekwa Houston Rockets, na Thunder wakapokea wachezaji wawili, Kevin Martin na Jeremy Lamb, pamoja na haki za kuchagua chipukizi katika miaka iliyofuata.

Sisi Watanzania tulikuwa na shahidi ndani ya kikosi kile. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alijiunga na Thunder Julai mwaka huohuo, akafanya mazoezi na Harden katika wiki zake za mwisho. Tena walikuwa na historia. Mwaka 2009, Memphis Grizzlies walimchagua Thabeet wa pili katika orodha ya chipukizi, naye Harden akachukuliwa wa tatu. Mara mbili, basi, ndani ya miaka minne, Harden aliwekwa upande mmoja wa mizani, na mara zote mbili mizani ikalalia upande wa pili. Mara ya kwanza kilichoshinda ni urefu. Mara ya pili, unafuu wa gharama.

Tuulize sasa swali letu. Iliyotolewa kama sababu ni kwamba timu ya mji mdogo haiwezi kuwalipa nyota wanne. Ni kweli kwamba makubaliano mapya ya ligi ya mwaka 2011, yaliyofikiwa baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji milango, yaliongeza makali ya kodi inayotozwa timu ambayo mishahara yake inavuka kiwango kilichowekwa. Lakini makubaliano hayo hayakumkataza mtu kuwaweka wote wanne. Yalisema tu kwamba anayetaka kuwaweka atalipa zaidi. Hiyo si amri, ni bei. Wamiliki waliitazama bei wakaiona kubwa, na mfuko ni wao. Lisilokubalika ni kuivika hesabu ya mfuko joho la busara ya mchezo, umma ukaambiwa kwamba hapakuwa na njia nyingine. Njia ilikuwapo. Mkataba wa Harden ulikuwa bado na msimu mzima. Timu ingeweza kuucheza msimu huo ikiwa na wote wanne, kisha mwaka 2013 ikatumia haki yake ya kulingana na ofa yoyote ambayo timu nyingine ingempa. Haraka ile haikutoka katika sheria. Ilitoka katika hofu ya gharama ambayo ilikuwa haijafika.

Tukubali hata hivyo, kwa ajili ya mjadala, kwamba zizi lilikuwa dogo kweli. Yupi alistahili kubaki? Naujua moyo wa msomaji wa ukanda huu unakolalia: Ibaka ni mtoto wa Kongo, ametoka barani kwetu, amepanda kwa jasho. Wala simdharau. Mwaka 2014, alipokuwa majeruhi, Thunder walipoteza michezo miwili ya kwanza dhidi ya San Antonio Spurs. Aliporejea, wakashinda miwili iliyofuata. Lakini kipimo hakiwezi kuwa “nani mwenzetu”, na hakitoshi kuwa “nani mzuri”, kwa kuwa wote wawili walikuwa wazuri. Kipimo ni hiki: ni nani ambaye akiondoka, kazi yake haina wa kuishika? Ibaka alilinda na kumalizia. Harden alianzisha, aliwapelekea wenzake mpira mahali ambapo kufunga kulikuwa kwepesi. Kazi hiyo, mbali na Durant, ilikuwa na watu wawili tu, yeye na Westbrook. Aprili 2013, Westbrook aliumia goti, na aliyepaswa kusimama badala yake alikuwa amevaa jezi ya Houston. Thunder walitolewa na Memphis katika raundi ya pili, michezo minne kwa mmoja. Mwaka 2018 Harden alitangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Hukumu yangu ni kwamba, kama ilikuwa lazima mmoja aondoke, Harden ndiye aliyepaswa kubaki.

Ziko hoja mbili za upande wa pili, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba Harden alitaka timu yake mwenyewe, hivyo angeondoka tu. Huenda. Lakini kumtoa mtu leo kwa sababu huenda akaondoka kesho ni kujifukuzia ng’ombe ukimwogopa mwizi. Ya pili ni kwamba Thunder hatimaye walitwaa ubingwa mwaka 2025. Ni kweli, baada ya miaka 13 ya kutoiona fainali. Katikati ya miaka hiyo Ibaka, yule aliyechaguliwa abaki, naye aliuzwa Orlando Juni 2016, na Durant akaondoka mwezi uliofuata. Tazameni zaidi kilichofanyika baada ya ubingwa. Julai 2025, katika mji uleule, chini ya meneja mkuu yuleyule, Sam Presti, timu iliwaongezea mikataba nyota wake wote watatu: Shai Gilgeous-Alexander, Chet Holmgren na Jalen Williams. Mapato ya ligi yameongezeka, sawa. Lakini na adhabu za kuvuka kiwango zimekuwa kali kuliko za 2012. Mji haukugeuka jiji kubwa kwa usiku mmoja. Zizi lilipanuka kwa sababu mwenye zizi aliamua kulipanua.

Hapo ndipo tunaporudi nyumbani, kwa kuwa Karagwe inaijua methali ya fahali kwa historia yake yenyewe. Katika miaka ya 1850, baada ya kufa kwa Mukama Ndagara, wanawe Rumanyika na Rogero waligombania urithi. Rumanyika alikipata kiti kwa kusaidiwa na wafanyabiashara wa pembe waliotoka nje ya nchi yake. Kiti cha enzi ni kimoja, hakikaliwi na wawili. Hapo methali ina haki yake. Kosa letu ni kuifanya kila taasisi kuwa Bweranyange. Tunaiona kila idara kama kiti cha enzi na kila mwenye kipaji kama mdai wa urithi. Hospitali si kiti cha enzi. Shule si kiti cha enzi. Timu ya watumishi inahitaji mafahali kadiri inavyoweza kuwapata.

Mwaka uleule wa 2012 ambao Oklahoma ilimtoa Harden, Serikali iliigawa Karagwe, na Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya 330,000 Karagwe na zaidi ya 320,000 Kyerwa. Siupingi mgawanyo huo hata kidogo. Mwananchi wa Murongo au Kaisho hakustahili kuifuata kila huduma Kayanga. Ninachosema ni kwamba kuigawa wilaya ni kuwagawa watumishi, na popote nchini mgawanyo wa namna hiyo hulizaa swali letu: kati ya mhandisi huyu wa maji na yule, kati ya daktari huyu na mwenzake, yupi abaki na yupi aende? Swali hilo halikuisha siku wilaya ilipozaliwa. Linaulizwa kila uhamisho unapopangwa na kila ikama inapopitiwa.

Upo uhamisho wa haki. Shule moja ikiwa na walimu wawili wa fizikia, na ya jirani ikakosa hata mmoja, kumhamisha mmoja ni kuwatendea haki watoto wa pande zote mbili. Huko si kumtoa fahali zizini. Ni kulipa zizi la pili fahali wake. Lakini sote tunaoishi karibu na ofisi za umma tunajua kwamba si kila uhamisho una sura hiyo. Mara nyingi anayebaki ni yule asiye na gharama: hadai malimbikizo, hahoji taarifa, haandiki dokezo la kupinga. Mwepesi wa kusaini huitwa mwaminifu. Mwepesi wa kuuliza huitwa fahali. Kisha methali husomwa, na mtu huondoka na ujuzi wa miaka 15 kichwani, pengine kabla hata posho yake ya uhamisho haijalipwa.

Fomu za OPRAS zimeondoka, mfumo wa PEPMIS umekuja. Ni hatua, wala siibezi. Lakini chombo chochote cha tathmini hupima kazi aliyopangiwa mtumishi. Hakipimi pengo atakaloliacha. Ndiyo maana inawezekana watumishi wawili wakawa na alama zinazokaribiana, na kuondoka kwa mmoja wao kukaizimisha idara nzima. Pengo hilo halionekani katika kompyuta ya makao makuu. Linaonekana kisimani, wodini na darasani, na anayelilipia ni mwananchi ambaye hakuwapo kikaoni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hekima tunayoikosa ofisini tunayo kibanjani. Mkulima wa Nkwenda au Nyakahanga hukabiliwa na swali la “yupi abaki” kila anapoingia katika migomba yake. Shina moja hutoa machipukizi mengi, naye lazima apunguze. Halichagui linalong’aa. Chipukizi la majani mapana hupendeza macho mapema, lakini limeshikamana na mama kwa udhaifu. Lile la majani membamba kama upanga ndilo lenye tunguu imara, na ndilo analoliacha. Hapangi kwa kuutazama mkungu wa mwaka huu peke yake: huacha mama, mtoto na mjukuu, ili pasiwe na msimu wenye njaa. Chipukizi zuri analoling’oa halitupi. Hulipanda penginepo au humpa jirani. Na chini ya migomba hiyohiyo kuna mibuni. Hakuna aliyemwambia achague kati ya chakula na fedha kwa kuwa eti mazao mawili hayakai shamba moja. Aliporutubisha ardhi kwa samadi, shamba likavibeba vyote viwili.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wenzangu tusiipokee tena methali ile kama hati ya hukumu. Anapokuja kiongozi kutuambia kwamba kati ya wawili hawa ni mmoja tu atakayebaki, tumtake ajibu maswali matatu, kwa maandishi na yaingie katika muhtasari wa kikao. Kwanza, kikomo anachokitaja kimewekwa na nani: ni sheria inayokataza, au ni bei ambayo hakutaka kuilipa? Pili, kila mmoja wa hawa wawili akiondoka, ni kazi gani itakayokosa wa kuishika, na nani ameulizwa kati ya wale wanaoitegemea kazi hiyo? Tatu, anayeondolewa anakwenda kupandwa wapi, na stahiki zake zitalipwa lini?

Kiongozi mwenye hesabu safi atayajibu yote matatu kwa ukurasa mmoja, nasi tutamshukuru hata kama uamuzi wake unatuuma. Asiyeweza kuyajibu asitusomee methali. Atuoneshe kwanza kamba aliyoipimia zizi.